Leseni ya Daktari Mjini Juba

Kuruta hakabidhiwi lindo kwa sababu tu amekaa depo miezi yote iliyoagizwa. Hukabidhiwa baada ya mkufunzi kumwona kwa macho yake akiifungua silaha, akiisafisha, akiifunga tena kwa muda uliowekwa, kisha akalenga shabaha na kuipata. Anayeshindwa hurudishwa uwanjani. Kambini hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa ni uonevu, maana kila askari anafahamu kwamba usiku wa doria maisha yake yamo mikononi mwa mwenzake.

Katika mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, swali la namna hiyo linawahusu vijana wengine ambao nao watashika maisha ya watu mikononi. Hao ni wanafunzi wa udaktari wanaokaribia kumaliza masomo yao. Kijana amesoma miaka sita. Amefaulu mitihani ya chuo, amevaa joho, na wazee wake wamechinja ng'ombe kwa furaha. Je, kesho yake asubuhi apewe wodi? Au asimame kwanza mbele ya watu ambao hawakumfundisha, wasiomjua baba yake wala ukoo wake, wamuulize atafanya nini iwapo mgonjwa wa namna fulani ataletwa saa nane za usiku?

Shahada na leseni ni vitu viwili. Shahada hutolewa na chuo kikuu, nayo husema kwamba mtu huyu amesoma. Leseni hutolewa na baraza lililowekwa kwa sheria, nayo husema kwamba mtu huyu anaweza kuachiwa mgonjwa. Sudan Kusini inalo Baraza Kuu la Matibabu ambalo kazi yake ni kuandikisha madaktari. Majirani wanayo mabaraza ya aina hiyo, nayo kwa miaka ya karibuni yamekaza kamba. Tanzania, baada ya sheria ya mwaka 2017, ilianza kumtaka mhitimu wa udaktari afanye mtihani wa baraza kabla ya kuanza utarajali, yaani ule mwaka wa kutibu chini ya uangalizi, na mwingine baada ya kuumaliza. Kenya haimpokei kwa utarajali mtu aliyesomea nje mpaka afaulu mtihani wa baraza lake. Uganda nayo huwapima waliosomea ng'ambo. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mabaraza ya nchi wanachama hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi wa Juba, hata akiwa hana nia ya kuvuka mpaka wa Nimule, anajiandaa kwa kipimo ambacho Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinakitambua.

Inafaa askari aelewe mtihani huo unauliza nini, maana wengi hudhani ni kukariri majina ya mifupa. Sehemu ya kwanza ni ya maandishi, yenye maswali mengi ya kuchagua jibu. Ya pili, panapokuwa na uwezo wa kuiendesha, inafanana sana na uwanja wa mafunzo ya silaha. Vituo vinapangwa kwa duara. Kengele inalia, mtahiniwa anaingia kituo cha kwanza, anamkuta mgonjwa au mtu aliyefundishwa kuigiza ugonjwa, na msimamizi mwenye karatasi ya alama asiyesema neno. Dakika chache zikipita kengele inalia tena, naye anasogea kituo cha pili hata kama hajamaliza. Pale atasikiliza kifua. Hapa atasoma picha ya eksirei. Kwingine atamweleza mama kwamba mtoto wake amefariki. Nacho kituo hicho cha mwisho, madaktari wengi watakiri, huwaangusha hata vijana hodari.

Chukua mfano mmoja wa hesabu. Mtoto wa kilo 12 analetwa akiwa amepoteza fahamu, amepata degedege, na kipimo kinaonyesha malaria kali. Dawa ni artesunate ya sindano. Mtu mzima hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito wake, lakini mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo mtoto huyu atachomwa miligramu 36, zirudiwe baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Mtahiniwa anayetumia kipimo cha mtu mzima atapata miligramu 28 na kitu, na atatoka chumbani akidhani amejibu vizuri. Kwenye karatasi hilo ni kosa la alama moja. Wodini ni mtoto aliyepewa dawa pungufu usiku ambao alihitaji dawa kamili.

Mfano wa pili unawahusu askari moja kwa moja. Mpiganaji ameletwa na jeraha la risasi pajani, lenye saa sita. Damu imezuiwa. Ufanyeje? Daktari aliyezoea mikato safi ya kisu hospitalini, iliyo myembamba na isiyo na uchafu, mkono wake hutamani kulisafisha jeraha na kulishona pale pale, ili mgonjwa aondoke na mstari mzuri wa nyuzi. Hilo ni kosa linaloua. Risasi hupasua nyama ndani kuliko tundu linavyoonyesha, na huingiza vumbi na vipande vya nguo. Ukilifunga jeraha hilo, nyama iliyokufa huoza ndani, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa hupata nyumba. Utaratibu wa upasuaji wa vita ni kukata na kuondoa nyama yote iliyokufa, kuliacha jeraha wazi chini ya bendeji nene iliyo kavu, kumkinga mgonjwa na pepopunda, na kulifunga baada ya siku nne au tano ikiwa limebaki safi.

Wapiganaji wa zamani wa Sudan Kusini watalikumbuka jambo hili bila kufundishwa, maana liliwapitia mwilini. Tangu mwaka 1987 hadi 2006 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya upasuaji huko Lopiding, karibu na Lokichoggio, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Kenya. Majeruhi walichukuliwa kwa ndege kutoka Sudan ya kusini na kushushwa Loki, kama wenyewe walivyopaita. Wengi walishangaa kuona daktari wa Kizungu akiliacha jeraha wazi kama mtu aliyesahau kazi yake. Hakuwa amesahau. Alikuwa akifuata somo ambalo majeshi ya Ulaya yalilipata kwa gharama ya miguu na mikono mingi katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwanafunzi wa Juba akiulizwa swali hilo anaulizwa, kwa maneno mengine, kama askari wa nchi yake wataendelea kuwa na miguu miwili.

Yapo pia maswali yanayoonekana ya kitoto: lini unavaa glavu, unaitupa wapi sindano, nani anapaswa kutengwa na wenzake. Sudan Kusini ina sababu ya kutoyadharau. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulianza Nzara, miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Wagonjwa wakatafuta tiba Maridi, ambako kulikuwa na hospitali kubwa zaidi. Hospitali hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa njia ya kuueneza ugonjwa, kwa sababu wauguzi waliwahudumia wagonjwa kwa mikono mitupu. Ulipokwisha, watu 284 walikuwa wameugua na 151 wamekufa. Pale Maridi karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa hospitali waliambukizwa, na 41 miongoni mwao walifariki. Ndio ugonjwa ambao mwaka huo huo, baada ya kuzuka pia Yambuku katika Zaire ya wakati ule, ulipewa jina la Ebola. Wale 41 walikuwa wamekaa zamu zao bila kukimbia, na ingefaa majina yao yasomwe katika kila darasa la udaktari na la uuguzi.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kisa kinachoeleza vizuri kuliko vyote kwa nini daktari aliyekwisha kufuzu hupimwa tena ni kile cha watoto wa Sudan ya kusini waliopelekwa Kuba. Katikati ya miaka ya 1980, vita vya pili vikiwa vimewaka tangu 1983, SPLA iliwachagua watoto wapatao 600 kutoka makambi ya wakimbizi ya Ethiopia, wakavushwa bahari hadi Kisiwa cha Vijana. Huko Kuba ilikuwa na shule za bweni za watoto wa Angola, Msumbiji, Namibia na nchi nyingine zilizokuwa katika mapambano. Shabaha ilikuwa wazi: wasome, wapate utaalamu, warudi kuijenga nchi wakati bunduki zitakaponyamaza. Walijifunza Kihispania, wakamaliza sekondari, wakaingia vyuoni. Baadhi yao wakawa madaktari.

Ila historia haikungoja. Mwezi Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka Addis Ababa, na SPLA ikapoteza maskani yake ya Ethiopia. Mwaka huo huo Umoja wa Kisovyeti ulivunjika, na Kuba iliyoutegemea ikaingia katika dhiki kubwa. Vijana wale wakabaki kisiwani, hawana pa kurudi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 wengi wao walipokelewa Kanada kama wakimbizi. Huko shahada zao za Kuba zilikuwa karatasi nzuri za kuonyesha wageni nyumbani. Ili mtu atibu Kanada ilimpasa afaulu mitihani ya Baraza la Matibabu la nchi hiyo, tena apate nafasi ya mafunzo ya hospitali, na nafasi hizo kwa waliosomea nje zilikuwa chache mno. Wapo walioishia katika kiwanda cha nyama cha mji wa Brooks, jimboni Alberta. Mtu aliyefundishwa kumpasua binadamu ili apone akawa anakatakata ng'ombe kwa mshahara wa saa.

Hapo msikilizaji atasema: basi tazama ubaya wa mitihani! Ni kweli kwamba kipimo kinaweza kugeuka kuwa ukuta, na nchi tajiri zimewahi kuutumia ukuta huo kulinda vibarua vya watu wao. Lakini sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo inayostahili kusikilizwa. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, madaktari 15 miongoni mwao walitaka kurudi. Wangeweza kupanda ndege mara moja. Sudan ya kusini ilikuwa na uhaba mkubwa wa madaktari, na nani angewauliza vyeti? Hawakufanya hivyo. Mwaka 2006 waliketi tena darasani katika Chuo Kikuu cha Calgary, kwa mpango uliogharimiwa na shirika moja la misaada la Kikristo, wakapimwa kuona nini wanakumbuka na nini kimepotea. Halafu wakapelekwa katika hospitali za Kenya kufanya kazi chini ya uangalizi wa wengine, ndipo wakaingia Sudan.

Yafikirie hayo kwa jicho la askari. Hao walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, waliovuka bahari mara mbili. Kukubali kuwa mwanafunzi tena, kusimama nyuma ya daktari mwingine wodini na kuulizwa maswali mbele ya wauguzi, ni sawa na sajini wa miaka mingi kurudi kwenye mstari wa makuruta. Lakini walikuwa na sababu. Mtu aliyekaa miaka bila kumgusa mgonjwa hupoteza wepesi wa mkono. Na Havana si Bentiu. Chukua kala-azar, ugonjwa uenezwao na usubi, wenye homa ya majuma mengi, kukonda, na wengu kuvimba tumboni. Kati ya 1984 na 1994 ugonjwa huo ulikadiriwa kuua watu 100,000 katika sehemu ya magharibi ya Upper Nile, na vijiji vingine vilibaki mahame. Daktari asiyeujua atauita malaria, kisha ataufananisha na homa ya matumbo, na wakati huo siku za kumwokoa mgonjwa zinakwisha. Anayeujua ataupima na kuanza sindano za siku 17. Tofauti ya madaktari hawa wawili haionekani kwenye joho. Huonekana wanapoulizwa.

Mwanafunzi wa leo wa Juba hakupelekwa Kuba, lakini njia yake nayo haikunyooka. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975 na kufungua milango 1977, katika kipindi cha amani kilichofuata mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Vita vilipoukaribia mji, mwaka 1989 kilihamishiwa Khartoum, nacho kikakaa huko miaka mingi, chuo chenye jina la Juba kisichokuwa Juba. Mwaka 1990 serikali ya Khartoum iliamuru vyuo vikuu vifundishe kwa Kiarabu. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, lugha ya kazi ya dola mpya ikawa Kiingereza. Hivyo vizazi vinavyofuatana vya madaktari wa nchi moja vimesoma kitabu kimoja kwa lugha tofauti, na waliotoka Kuba wakaongeza Kihispania juu yake. Mgonjwa mwenyewe, anapoletwa na nduguze juu ya boda-boda, hasemi hata moja ya lugha hizo za vitabuni. Husema Kiarabu cha Juba, au Kidinka, Kinuer, Kibari, Kizande. Mtahiniwa anayejua jina la ugonjwa kwa Kiingereza lakini hawezi kumuuliza bibi kizee maumivu yalianza lini, huyo amebakiwa na kazi nusu.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, na mkondo mwingine wa wanafunzi ukaanza kutiririka kuelekea kusini. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Sudan Kusini waliokuwa mwaka wa nne, wa tano, hata wa mwisho wa udaktari, waliotoka na nguo walizovaa. Vyuo vyao vilifungwa au kuporwa. Mwanafunzi anasema amefaulu upasuaji. Nani atathibitisha, ikiwa ofisi yenye daftari la alama imeteketea? Kwa mtu kama huyo mtihani wa kitaifa haumfungii mlango. Ndio ushahidi pekee uliobaki wa kwamba miaka yake haikupotea. Mwenye cheti kilichoungua na mwenye cheti cha kughushi wanafanana wakiwa mlangoni. Hutengana wakifika kitandani kwa mgonjwa.

Maandalizi yenyewe hayana anasa. Hospitali ya Kufundishia ya Juba, yenye vitanda vipatavyo 580, ndiyo kubwa kuliko zote nchini, na wagonjwa huletwa hapo kutoka majimbo ya mbali. Kwa mwanafunzi hiyo ni bahati ambayo mwenzake wa London hawezi kuipata: kwa juma moja ataona malaria kali, pepopunda, kifua kikuu, utapiamlo, nyoka na risasi. Lakini kuona hakutoshi ikiwa hapana mwalimu wa kuuliza, na walimu ni wachache. Hivyo wanafunzi hujipanga vikundi. Mmoja huwa mgonjwa, mwingine daktari, wa tatu hushika saa. Maswali ya zamani hunakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Umeme ukizimika husomea taa ya simu mpaka nayo izime. Kuna aliye hodari wa moyo na mapafu, kuna aliye hodari wa uzazi, nao hubadilishana maarifa kama watu wa soko wanavyobadilishana mtama na samaki.

Wapo wanaodai kwamba nchi yenye madaktari wachache namna hii haina haki ya kumrudisha hata mmoja. Hoja yao haina mzaha ndani yake. Uchunguzi wa kaya uliofanywa Sudan ya kusini mwaka 2006 ulikuta vifo vya akina mama 2,054 kwa kila vizazi hai 100,000, idadi iliyokuwa miongoni mwa mbaya kabisa duniani. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja matokeo ya baraza. Lakini huyo mama ndiye anayeijibu hoja. Anayevuja damu hivyo anahitaji mtu atakayekumbuka katika dakika ya kwanza kuusugua mji wa mimba, kumchoma yuniti 10 za oxytocin, kutazama kama kondo limetoka zima, na kuita damu mapema. Akimpata mwenye koti jeupe asiyeyajua hayo, afadhali angempata mkunga wa zahanati anayeyajua. Uhaba wa madaktari haumfanyi asiyejua awe anajua. Tena aliyeshindwa mara moja hafukuzwi katika taaluma. Huambiwa pale alipopungukiwa, akarudi kujiandaa, akafanya tena.

Lawama ya haki ielekezwe kwingine. Ikiwa chuo kimekaa muhula mzima bila mwalimu wa magonjwa ya watoto, kumuuliza mwanafunzi habari za watoto ni kumwadhibu yeye kwa deni la wakubwa. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta kuharibika upande wa Sudan, watumishi wa umma wa Sudan Kusini walikaa miezi mingi bila mshahara. Askari waliomo katika hadhira hii wanalielewa jambo hilo bila kusimuliwa. Mwalimu wa udaktari asiyelipwa hutafuta kliniki ya binafsi au shirika la kigeni, na hakuna mtihani wowote utakaomrudisha darasani. Serikali inayotunga kipimo inajifunga yenyewe kumlipa anayefundisha.

Lipo tena jambo linalowahusu wenye magwanda peke yao. Mtihani ni kitu chepesi kuvunjika. Simu moja kutoka kwa mkubwa mwenye nyota begani, kuuliza kwa upole tu habari za kijana wake, inatosha kuuvunja, hata kama hakuna neno la vitisho lililotamkwa. Msimamizi ana watoto, naye anaishi mji huo huo. Afisa anayepiga simu hiyo huenda anadhani anamsaidia mwanawe. Ukweli ni kwamba anamchagulia koplo fulani asiyemjua daktari asiyefaa, na miaka ijayo koplo huyo ataletwa na jeraha la pajani, naye atashonwa siku ile ile.

Vivyo hivyo kuhusu wodi. Katika nchi zilizopitia vita si kitu kigeni kuona askari ameingia chumba cha dharura na silaha, akiamuru mwenzake atibiwe kabla ya wote. Uchungu wake unaeleweka. Ila daktari kijana aliye katika mwaka wa utarajali, anayepima nani aanze kati ya watano wanaovuja damu, anafanya kazi ambayo amefundishwa na kutahiniwa kuifanya. Anayelia kwa sauti kubwa mara nyingi si aliye karibu na kifo. Aliyenyamaza, mwenye ngozi baridi na mapigo mepesi ya moyo, ndiye wa kwanza. Mtutu mlangoni hugeuza mpango huo, na anayepoteza maisha huenda akawa askari mwingine aliyeletwa kimya kimya na raia.

Kwa upande wa polisi kazi ni nyepesi kuielewa. Katika barabara ya Juba hadi Nimule, kilometa 192 za lami, askari wa usalama barabarani humsimamisha dereva wa basi na kumtaka leseni, wala hatosheki na maneno ya abiria kwamba dereva ni hodari. Mwenye kliniki ya uchochoroni, anayechoma sindano na kuwatundikia watu dripu, ana abiria wake pia. Cheti cha kuandikishwa kina jina na namba, na namba hiyo inaweza kuulizwa kwa baraza. Polisi anayefika kwenye kliniki hiyo aanze hapo kabla ya kuuliza habari za kodi. Na akikuta cheti ni halali, amwache daktari afanye kazi yake, maana ukaguzi unaogeuka kuwa ushuru huwakimbiza madaktari wa kweli na kuwaacha wa uongo walio tayari kulipa.

Yabaki maneno machache juu ya madaktari wa jeshi wenyewe. Jeshi la Sudan Kusini lina hospitali yake mjini Juba, na vijana wanaofuzu udaktari watavalishwa magwanda na kupewa vyeo. Cheo huonyesha nani ampigie nani saluti. Hakimwambii mtu dozi ya mtoto wa kilo 12. Katika Kenya na Tanzania daktari wa jeshi huandikishwa na baraza lile lile linalomwandikisha daktari wa raia, kwa masharti yale yale. Utaratibu huo una faida moja ambayo makamanda huithamini siku ya mapigano: ndege ikishusha majeruhi 30 kwa mara moja, daktari wa kambi na daktari wa hospitali ya mji wanaweza kusimama meza moja na kugawana kazi bila kuulizana umesoma wapi, kila mmoja akijua mwenzake alijibu nini alipoulizwa kuhusu jeraha la risasi lenye saa sita.